Mara Ngapi

Simu ililetwa Jumatatu, kioo kimepasuka
kama barabara ya Panzi baada ya mvua.
Mwenyewe hakuacha jina. Aliacha faranga elfu tano
na harufu ya kahawa, akasema: nitarudi.
Hakurudi.

Mimi ni fundi. Hapa Kadutu, chini ya ngazi za soko,
nafungua vitu vya watu kwa bisibisi nyembamba,
na nimejiapia, kama daktari, kutoona.
Lakini kioo kipya lazima kijaribiwe.
Nikagusa video moja, ya kwanza tu, nione rangi.

Mwanamke anapanda Cimpunda,
beseni la sambaza kichwani, mkono mmoja umelishika,
mwingine unafukuza nzi.
Hageuki.
Kamera inapanda nyuma yake,
inasimama akisimama,
inajibanza kwenye mgomba
anapotua mzigo kufunga kiatu.

Nikajiambia: na ya pili, nimjue, nimwonye.
Ya tatu ni dirisha. Umeme umekatika,
mshumaa, pazia la kitenge lisilofika chini.
Ya nne ni dirisha lile lile.
Ya tano haina kitu ila pumzi
za aliyeshika kamera, ndefu, zenye subira,
kama mtu anayepoza uji wa mtoto.

Usiku wa saba nilisikia pumzi za watu wawili.
Zangu zilikuwa zimejifunza zake.

Sasa nilijua mengi. Jina lake Nabintu:
mdogo wake humwita kutoka bondeni, akiirefusha ile *bi*.
Hula amesimama.
Huhesabu pesa mara mbili, kisha noti moja
huilaza ndani ya Biblia, karibu na mwisho.
Saa tatu na nusu huvuta pazia
na pengo hubaki, upana wa viganja viwili.
Ana wimbo mmoja, na hajui unavyoisha.

Haya yote aliyaiba mtu mwingine.
Mimi nilipokea tu, nikawa naongezea sauti.
Mama yangu alikuwa akisema:
anayemshikia mwizi ngazi
hana haja ya kupanda.

Ya kumi na moja ni fupi.
Yuko kitandani, kitu kimeanguka, kijiko labda,
naye anacheka peke yake, kicheko cha mtu
asiyedaiwa na yeyote usiku huo.
Halafu anageuza uso.
Anatazama dirishani, gizani, hapa.
Nami, mtu mzima, ndani ya kibanda changu,
kufuli mlangoni, mvua ikipiga bati,
nikazima taa
nikainama chini ya meza.

Nikakaa huko kitambo,
goti langu kwenye mirija ya gundi.
Kisha nikainuka, nikairudisha mwanzo.

Alhamisi alipita sokoni.
Sikuwa nimepanga. Mdomo ulitangulia:
"Jambo, Nabintu."
Akasimama. Samaki wakateleza kidogo kwenye beseni.
"Nani alikupa jina langu?"

Ningeweza kusema kanisani. Ningeweza kusema
dada yako. Nilikuwa na majibu mengi,
yote nilikuwa nimeyaona kupitia dirisha lake.
Nikatoa simu chini ya kaunta, ndani ya mfuko wa plastiki,
nikamwambia ilivyoletwa, na kahawa, na elfu tano,
nikamwambia kuna mtu.

Hakupiga kelele. Wauzaji wa makayabo
waliendelea kubishana na mizani yao.
Aliifuta mikono kwenye kitenge, upande mmoja, upande wa pili,
akaichukua simu kwa ncha za vidole.
Nilingoja aulize: ni nani huyo?
Aliuliza:
"Wewe umeangalia mara ngapi?"

"Moja," nikasema.

Akabonyeza kitufe.
Kioo kikawaka pale pale nilipokuwa nimekomea,
kijiko bado hakijatulia sakafuni,
mdomo wake umefunguka,
kicheko kikingoja kidole changu.